Meza ya Riwaya: Tarehe iliyo juu ya karatasi

Salaam kwenu. Barua za mwezi huu zilikuwa nyingi, lakini tatu zimekaa mezani kwangu hadi nikaziacha nyingine zisubiri. Waandishi wake hawajuani. Wote watatu wanazungumzia riwaya za aina moja: nyumba, mke na mume, mtoto asiyekuja, na jambo ambalo mmoja analijua na mwenziwe halijui.

Swali: Shikamoo Mama Mhariri. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza na nimefika sura ya kumi na nne. Tausi na Jabiri wana miaka minane ya ndoa, hawana mtoto. Tausi amepimwa kila kitu, amekunywa dawa za kila namna, na mama mkwe haishi kumsema. Siri yenyewe ni kwamba Jabiri alifunga uzazi kabla ya kumwoa na hakumwambia. Nilimpa rafiki yangu asome. Sura ya tatu tu akasema, "Mwenye tatizo ni mwanaume, tena anajua." Nimevunjika moyo. Nifiche vipi siri yangu? Na je, inaingia akilini mwanamke apimwe miaka minane na mume asipimwe hata mara moja? — *Mwandishi wa usiku*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza mshukuru huyo rafiki. Hakukuharibia kitu, amekuonyesha tu kwamba riwaya yako bado haijaanza. Msomaji akikuta mwanamke anazunguka hospitali peke yake sura baada ya sura, macho yake yanakwenda kwa mume bila kuelekezwa. Huwezi kuyazuia. Ukimwongezea Jabiri ukali, au simu anazotoka nje kwenda kuzijibu, ndiyo kabisa. Kwa hiyo usihangaike kuficha kwamba anajua. Ficha amejua tangu lini, na anachodhani anakijua.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uhakika. Mimi na mume wangu tulitafuta mtoto miaka saba. Mwaka wa sita, siku moja, nilikuwa natafuta kijitabu cha maelekezo cha cherehani, maana uzi ulikuwa ukikatika kila nikianza kushona. Kijitabu kilikuwa chini kabisa ya sanduku, na katikati ya kurasa zake palikuwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Jina la mume wangu. Kipimo cha mbegu. Kwenye matokeo, sifuri. Nikisimulia, watu hudhani niliganda kwenye ile sifuri. Niliipita. Nilipanda juu kwenye kona ya kulia nikasoma tarehe, nikaanza kuhesabu kwa vidole hadi nikafika miezi kumi na minne.

Ndani ya miezi hiyo nilikuwa nimemeza vidonge vya kupevusha mayai, mizunguko minne. Nilikuwa nimelala chini ya mashine ya eksirei huku nikipitishiwa dawa ya rangi ndani ya mfuko wa uzazi, ili waone kama mirija imeziba, na maumivu ya kipimo kile sijayasahau hadi leo. Siku ile mume wangu alinisindikiza. Alikaa kwenye benchi la nje amenishikia mkoba, ameupakata kwa mikono miwili. Nilipotoka alisimama akanipa. Pale chini kando ya cherehani, na karatasi mkononi, picha iliyonijia ilikuwa hiyo: mkoba wangu mapajani mwake, naye tayari anajua.

Sasa turudi kwa Jabiri. Umechagua kufunga uzazi, na umechagua vizuri kuliko unavyodhani, ila hujaitumia siri yako yote. Uzazi wa mwanaume unapofungwa, kinachokatwa na kufungwa ni mirija miwili inayopitisha mbegu kutoka kwenye korodani. Manii huendelea kutoka kama kawaida, kwa sababu karibu maji yake yote hutengenezwa kwingine, kwenye tezi dume na vifuko vya manii. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo. Nguvu za kitandani hazipungui. Jeraha ni dogo mno, hupona na kupotea. Kwa hiyo Tausi anaweza kulala kando yake miaka minane asione kitu, na msomaji hatakuwa na haki ya kumwita mjinga. Yale mambo uliyoweka sura ya sita, kovu analoligusa gizani na kushtuka, yafute. Hayaaminiki na huyahitaji.

Unachokihitaji ni jambo hili: mwanaume hawi amefungwa siku ile ile. Mbegu zilizokwisha kupita pale palipokatwa bado zimo njiani. Ndiyo maana huambiwa atumie kinga kwa takriban miezi 3, kisha arudi apimwe manii kuhakikisha kwamba hayana mbegu tena. Anapoondoka hupewa maelekezo hayo, mara nyingi kwa karatasi. Jabiri wako alifanyiwa upasuaji lini? Umeandika "kabla ya harusi" ukapita. Nakuomba uisogeze tarehe hiyo. Iweke wiki tano kabla ya harusi.

Halafu mpe Tausi mimba katika mwezi wa kwanza wa ndoa, na iharibike changa, katika wiki ya nane. Usifanye hilo kuwa siri, liweke wazi tangu sura ya pili. Tausi analishikilia tumaini lake hapo: mimi nilishawahi kushika mimba, kwa hiyo si mgumba. Mama mkwe analijua. Msomaji analijua. Rafiki yako akifika hapo atasema, basi tatizo si mwanaume, na sura ya tatu haitampa tena jibu. Naye Jabiri, ambaye hakuisoma ile karatasi, au aliisoma akadhani miezi mitatu ni ya tahadhari tu, anaamini jambo moja kwa miaka yote minane: ile mimba haikuwa yake. Kila akimwona Tausi anarudi hospitali analia, anadhani anatazama adhabu anayostahili. Hajamfokea hata siku moja. Ni mpole, anamsindikiza, anamlipia. Na sasa upole wake unatisha.

Tausi atakapoipata karatasi, siri anayoifumbua si ile uliyoanza nayo. Atasoma tarehe, atahesabu wiki, atasoma mstari unaosema atumie kinga miezi mitatu, naye ataelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba ametendewa ubaya, na kwamba aliyemtendea alikuwa akimhukumu kwa kosa ambalo halikuwahi kuwapo. Sura hiyo ukiiandika polepole, bila mtu kupiga kelele, hutahitaji maiti wala polisi. Tafadhali mtoe yule askari wa sura ya kumi na moja.

Umeuliza kama inaingia akilini mke apimwe peke yake. Mwanangu, inaingia mno. Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba kuwa ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na ripoti yake ya mwaka 2023 ilisema takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo hili katika maisha yake. Mtu mzima, mke na mume wote wamo. Kipimo cha mwanaume ni rahisi kuliko vyote: kikombe, na siku 2 hadi 7 za kujizuia kabla yake. Lakini bado anayeanza kuvuliwa nguo ni mwanamke.

Kuna kisa cha kweli ninachokirudia kwa kila mwandishi anayeniletea mada hii. Mwaka 1884, mjini Philadelphia, Marekani, daktari William Pancoast aliwapokea mke na mume waliokosa mtoto. Alimchunguza mke kwa kina, hakuona kasoro. Ndipo akampima mume, na manii yake hayakuwa na mbegu. Alichofanya baadaye kinanitetemesha: alimwita mke kama kwa uchunguzi mwingine, akamlaza kwa klorofomu, dawa ya usingizi, na mbele ya wanafunzi wake wa udaktari akamtia manii ya mmoja wao. Mume aliambiwa baadaye, akaomba mkewe asijue kamwe. Mtoto wa kiume akazaliwa. Habari haikutoka hadi mwaka 1909, mmoja wa waliokuwapo, Addison Davis Hard, alipoiandika katika jarida la madaktari. Hebu hesabu mwenyewe. Miaka 25, na chumba kizima cha wanaume kinajua jambo lililofanyika ndani ya mwili wa mwanamke mmoja, naye ndiye pekee asiyejua.

Neno moja juu ya maneno yako. Umetumia "tasa" mara thelathini na kitu, na kila mara ni kwa Tausi. Umetumia "hanithi" mara mbili kwa Jabiri, na hapo umekosea. Hanithi ni mwanaume asiyeweza tendo lenyewe. Jabiri anaweza. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya wanaume wengi wakimbie kikombe cha maabara, kwa kudhani kinapima uanaume wao. Neno "mgumba" halichagui mke wala mume. Mpe mama mkwe alitamke mara moja akimtazama mwanawe kwa bahati mbaya, na Jabiri ainamishe kichwa. Usieleze.

Na mwisho, nakusihi, usimpe Tausi mtoto katika ukurasa wa mwisho. Najua unataka kumfariji. Lakini wapo wanaosoma riwaya hizi wakiwa hawajapata na hawatapata, na kila wakifika mwisho wanakuta mlango umefunguliwa kwa mwingine.

Swali: Habari za kazi, Mama Mhariri. Katika hadithi yangu, mtoto anaumia na kuhitaji damu. Daktari anamtazama baba na kumwambia pale pale kitandani kwamba kundi la damu limethibitisha kuwa yeye si baba. Mwenzangu anayenisomea miswada analikataa tukio hili. Nani yuko sahihi? — *Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Mwenzako, kwa sababu mbili.

Makundi ya damu, ambayo daktari Karl Landsteiner aliyaeleza mwaka 1901, yanaweza kuonyesha kwamba mtu si baba, hayawezi kuthibitisha kwamba ndiye. Wazazi wote wawili wakiwa kundi O, kwa kawaida hawazai mtoto wa A wala B. Mzazi wa AB kwa kawaida hazai mtoto wa O. Hapo pana swali. Lakini baba wa A na mtoto wa A hawathibitishi kitu, wako wengi mno. Na hata lile swali lina mwanya wake: wapo watu wachache wa kundi liitwalo Bombay, lililoelezwa mara ya kwanza mwaka 1952, ambao vipimo vya kawaida huwaonyesha kuwa O ilhali wamebeba urithi wa A au B na wanaweza kumpa mtoto. Riwaya nzima inaweza kujengwa juu ya mwanaume aliyemfukuza mkewe kwa kosa hilo. Uthibitisho wa vinasaba (DNA) ulianza kuwezekana baada ya ugunduzi wa mwanasayansi Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, kwa hiyo angalia pia hadithi yako inatokea mwaka gani.

Sababu ya pili ni ya ufundi. Daktari anayetamka hivyo kitandani anafanya kazi yako wewe mwandishi, tena vibaya. Weka muuguzi mwenye kadi mbili mkononi. Anaisoma moja, anaisoma ya pili, anazipanga upya, kisha anamuuliza mama, si baba, kama anaweza kuzungumza naye kidogo nje. Baba anabaki na mtoto. Hiyo inatosha sura nzima.

Swali: Dada Mhariri, salaam. Mimi si mwandishi. Mke wangu hununua riwaya hizi, nami huzisoma akimaliza. Nimesoma kadhaa ambamo mume anajua hana mbegu naye anaficha. Kila mara mwishoni anageuka muuaji, au mwizi, au ana familia nyingine. Mimi nimeficha miaka miwili na sijaua mtu. Karatasi ilisema sifuri. Nauliza tu, kwa nini mwanaume huyu haandikwi kama mtu? Na kama mwandishi angeniandika mimi, ningemwambia mke wangu katika sura ya ngapi? — *M.*

Jibu: Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mbele ya mume wangu. Tulikubaliana nikujibu kwa kirefu, naye ameusoma ukurasa huu wote kabla haujaenda mtamboni, pamoja na habari ya mkoba.

Kwa nini haandikwi kama mtu? Kwa sababu uovu ni rahisi kuandika. Muuaji ana sababu, ana mpango, na sura zinakwenda. Mwanaume aliyeketi kwenye gari lililozimwa, karatasi mkononi, asiyejua atapitaje mlangoni kwake, huyo hana mpango wowote. Mwandishi lazima akae naye ndani ya gari hilo, na wengi hawawezi kustahimili.

Mume wangu alinieleza ilivyokuwa kwake, baada ya muda mrefu. Siku ya kwanza alisema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni tulikuwa na wageni. Kesho yake niliamka na furaha, hakutaka kuiharibu. Baada ya wiki moja akawa na mambo mawili ya kuniambia badala ya moja: sifuri, na ile wiki. La kwanza lilibaki vile vile. La pili lilikua kila siku. Nilipoenda kwenye eksirei lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko nyumba. Aliniambia kwamba pale kwenye benchi alikuwa akijisemea, akitoka namwambia, akitoka namwambia. Nikatoka, akanipa mkoba.

Simtetei. Miezi ile ni yangu, na mwili ule ulikuwa wangu. Lakini hilo ndilo ninalolitafuta katika kila mswada wa aina hii na silioni: mtu anayetenda ubaya huku akikusudia kuuacha kesho.

Kuna jambo jingine, nalo ni la nje ya riwaya. Umesema karatasi ilisema sifuri. Karatasi ngapi? Kama ni moja, kaka, basi umebeba miaka miwili hukumu ambayo bado haijatolewa. Matokeo ya sifuri hayakubaliwi kwa kipimo kimoja, lazima yarudiwe. Mwili huchukua siku zipatazo 74 kutengeneza mbegu, na homa kali ya miezi miwili mitatu iliyopita inaweza kuzishusha sana. Na hata sifuri ya kweli ina maana zaidi ya moja. Wako wanaume ambao korodani zao zinatengeneza mbegu vizuri, ila njia imeziba, nao wanaweza kutolewa mbegu moja kwa moja kwenye korodani. Tangu mwaka 1992 kumekuwapo njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja huko maabara, na watoto wamezaliwa hivyo. Vipimo vya homoni kwenye damu, na mkono wa daktari anayekuchunguza, husaidia kutofautisha. Haya yote huwezi kuyafuatilia kwa kujificha. Kwetu sisi kipimo kilirudiwa mara mbili na kikabaki sifuri. Mume wangu aliugua matumbwitumbwi akiwa na miaka kumi na saba yakamshukia kwenye korodani zote mbili, na daktari alidhani chanzo ni hicho. Sisemi kwako itakuwa tofauti. Nasema hujui, na mkeo hata swali lenyewe halijui.

Sura ya ngapi? Kabla hajaipata mwenyewe. Katika miswada yote niliyohariri, mke huikuta karatasi: droo, koti, kitabu, sanduku la cherehani. Sikumbuki hata mmoja ambamo mume anaitoa kwa mkono wake. Ningependa kuisoma sura hiyo.

Mpe karatasi yenyewe, usiisimulie kwanza. Mwonyeshe tarehe kwa kidole chako, usimwache aitafute. Sema "nilijua siku hii", halafu nyamaza. Usiombe msamaha haraka, maana ukiuomba mapema utamlazimisha akuhudumie wewe. Kama katika miaka hiyo miwili kuna kipimo au dawa aliyopitia nawe ukijua, itaje mwenyewe, kwa jina lake, usingoje aikumbuke.

Na asipojibu kitu, usimharakishe. Mimi siku ile sikulia wala sikufoka. Niliteremsha mapazia yote ya nyumba nikaanza kuyafua, siku mbili mfululizo, sisemi neno. Yeye aliyaanika.